Kitambaa Mdomoni mwa Zamda

Boma la Handeni,
3 Juni 1911

Kwa Dorkasi binti Kaleb, mwuguzi katika nyumba ya wagonjwa wa akili, mlimani juu ya Bungu, Korogwe.

Salamu. Askari wanaoleta barua hii wanakuletea na mahabusi, mwanamke wa Kizigua, jina lake Zamda, mkazi wa Chanika hapa Handeni. Ameshitakiwa kwa kumuua mumewe, Abdi, aliyekuwa kibarua katika shamba la katani huko kwenu Korogwe.

Ushahidi hauna shaka. Abdi alirudi nyumbani kutoka shambani jioni. Asubuhi yake ombasha Mbaruku, askari wa boma hili, alikwenda kumwita kwa kazi ya barabara. Hakumkuta. Akamwuliza mke, na mke akajibu kwa kinywa chake: "Nimemuua." Alasiri ya siku hiyo hiyo maiti ya Abdi ikaokotwa karibu na kijito. Sasa niambie, nani angejua asubuhi habari ya maiti iliyookotwa alasiri, kama si aliyeiweka pale?

Mwanamke alipoletwa barazani, ombasha akayarudia maneno hayo mbele ya Bwana Shauri, Mjerumani anayeamua kesi hapa, na mwanamke akacheka. Nilikuwapo, nilimsikia. Ndipo maiti ikaingizwa, imefunikwa yote ila uso. Akaketi chini, akachana upindo wa kaniki yake, akajifunga mdomo. Tangu siku ile hukifungua kitambaa hicho wakati wa kula tu.

Bwana Shauri anataka kujua neno moja. Mwanamke huyu ana akili zake au hana? Kama hana, atabaki kwenu mpaka kufa. Kama anazo, shauri lake linakwenda Daressalaam, na kinachorudi kutoka huko ni kamba. Jibu lifike kabla ya mwezi kwisha, maana Bwana anasafiri kwenda Pangani. Tafadhali usiandike hadithi ndefu.

Athuman bin Mbwana,
Karani wa Boma


Mlimani, Bungu,
9 Juni 1911

Mwanangu Karani,

Marahaba. Hukuniamkia, lakini nimeitikia hivyo hivyo, isije ikasemwa Mama Dorkasi hajui adabu. Mwanangu wa kwanza angekuwa na umri kama wako.

Bibi wa Kijerumani anayetusimamia hajui Kizigua, kwa hiyo kazi hii ameniachia mimi. Nimeishi na watu waliopotewa na akili tangu nyumba hii ilipokuwa ya nyasi, na hadithi ndefu utaisoma upende usipende, kwa sababu mtu si neno moja.

Zamda wako anafagia bila kuambiwa. Juzi bibi mmoja mgonjwa alivua nguo zote uani, wengine wakamcheka. Zamda alikwenda akamfunika, akamsimamia mpaka akavaa. Mwenye wazimu haoni aibu ya mwenziwe, mwanangu. Huyu aliiona.

Lakini kuna mengine. Mtunza bustani wetu, mzee mpole asiyeweza kuua hata kuku, alipita na mpini wa jembe begani. Zamda alijikunja chini, mikono juu ya kichwa. Hakupiga kelele, alijikunja tu, kama mtu aliyezoea kazi. Mlinzi akiwasha tumbaku yake, yeye huenda nyuma ya mlango na kusimama huko mpaka moshi uishe. Nilipomwogesha nikaona kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimevunjika zamani na kuunga upande. Mgongoni ana makovu ya moto, ya duara, yote yamelingana. Nilitoka nje nikalia, sikutaka anione.

Nani alikuwa akivuta katika nyumba ile, na alivuta nini? Unijibu hilo. Ila nakuomba jambo moja, na ulishike sana: usiniandikie Abdi alijeruhiwa wapi wala kwa kitu gani. Usimwambie hata askari atakayekuja huku. Nataka anieleze yeye kwanza.

Dorkasi binti Kaleb


Handeni,
14 Juni 1911

Mama Dorkasi,

Shikamoo. Nimeona haya, nami nakuomba radhi.

Abdi alivuta bangi. Alikuwa na kiko cha kibuyu, kile cha kupitisha moshi majini, na juu yake bakuli la udongo la kuwekea moto. Sasa unajua makovu yale yalivyopata duara. Akishavuta alicheka kwanza, akacheka na watoto wa jirani na mbuzi na kila kitu, kisha ghafla kicheko kikakatika na mkono ukaanza. Chanika nzima tulijua. Tulisikia, tukasema hayo ni ya mtu na mkewe.

Nilimpelekea Bwana Shauri habari ya makovu nikidhani yatamlainisha moyo. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Vizuri. Sasa tunayo na sababu ya kuua." Akaniambia niandike. Nikaandika.

Mama, nizungumze nawe kama mtoto na mzazi wake. Kama ameua, nani wa kumlaumu? Andika kwamba hana akili. Amejifunga mdomo, alicheka mbele ya baraza, anajificha akiona moshi. Hakuna Mzungu atakayebisha. Mistari miwili tu, na mwanamke huyu ataishi, afagie ua wenu mpaka azeeke. Wewe ndiye uliyeshika roho yake, si mimi.

Jeraha sitalitaja, kama ulivyotaka, ingawa sioni faida yake.

Wako mtiifu,
Athuman


Mlimani, Bungu,
19 Juni 1911

Mwanangu Athuman,

Nilikaa na barua yako siku nzima. Kalamu niliishika mara mbili kuandika ile mistari yako miwili, nikaiweka. Nitakwambia kwa nini, na usinione nina moyo wa jiwe. Hapa kuna watu wanaopiga ukuta kwa vichwa vyao. Kuna mwanamume anayekula udongo. Mwenye akili timamu ukimfungia humu mpaka kufa, umemzika na macho yake yanaona. Nami nitakuwa ndiye niliyefukia. Zaidi ya hayo, siku moja daktari atapita, atazungumza naye, atagundua, na kamba itakuja vile vile.

Kwa hiyo nikamwuliza. Nilimketisha jikoni, tukichambua maharage, nikasema polepole kwa Kizigua changu kibovu: "Mwanangu, ulimuua Abdi?" Akaitikia kwa kichwa. Hakusita.

Nikamwuliza alimpiga wapi. Alinitazama usoni kwanza, kama mtoto anayetafuta jibu kwa mwalimu, kisha akagusa kifua. Kesho yake nikauliza tena kana kwamba nimesahau. Akagusa shingo. Nikauliza alitumia kitu gani. Hapo hakutafuta jibu. Aligusa mdomo wake, juu ya kitambaa, mara moja na kwa nguvu.

Athuman, nilidhani sumu. Nilidhani alimtilia kitu katika chakula, na nikaogopa kukuandikia. Usiku ule sikula. Bado naogopa.

Halafu jana tulizika. Yule bibi aliyevua nguo uani amefariki, hana ndugu anayejulikana, tulikuwa watu wanne kaburini. Tulipomaliza kufukia Zamda akafungua kitambaa, mara ya kwanza si kwa kula, akasema: "Hata mtu wa kumtania hakuna. Mimi angenizika yule Mnyamwezi. Sasa hatanizika mtu." Akajifunga tena.

Mimi ni Mshambaa wa Dindira, nimelelewa misheni, sikuelewa alikuwa anasema nini. Labda ni mwanzo wa wazimu kweli. Sasa niambie: Abdi alitapika? Alikufaje?

Mama Dorkasi


Handeni,
23 Juni 1911

Mama, shikamoo.

Hakutapika. Abdi alipigwa jiwe kisogoni. Jiwe lenyewe lilikutwa pale pale kando ya kijito, lina damu na nywele. Si kifuani, si shingoni, na mdomo hauhusiki na lolote. Huyu mwanamke hajui mumewe alikufaje.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni lile neno lake la kaburini. Mama, ombasha Mbaruku ni Mnyamwezi.

Ninyi wa mlimani huenda hamlijui sana jambo hili, ila sisi Wazigua na Wanyamwezi tu watani tangu enzi za misafara. Mnyamwezi akiingia nyumbani kwangu anaweza kuniita mbwa, akachukua kuku wangu, nami siruhusiwi kukasirika. Namwambia atakufa kesho na fisi watamkataa. Tukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi na kutufanyia vituko mpaka wafiwa wacheke. Kumtajia mtani kifo ni salamu tu. Hata bibi yangu, aliyekuwa na heshima zake zote, alikuwa akiwaambia wapagazi wa Kinyamwezi kwamba amewapikia nyama ya wenzao.

Na Zamda aliulizwa na mtani wake yuko wapi mumewe.

Mimi Mzigua nililiandika neno lile, "Nimemuua", kwa wino mzuri, na sikuuliza liliambiwa nani. Kwa sababu lilikuja limevaa nguo za askari.

Nimemwita Mbaruku faraghani. Nikamwuliza yeye alisema nini kabla ya kujibiwa. Akasema, "Nilisema nilichosema." Nikamwuliza kama kulikuwa na utani. Akakaza macho: "Askari kazini hana mtani." Anaogopa, Mama, na ana haki ya kuogopa. Akikiri kwamba alikwenda kwa amri ya boma akasimama mlangoni kutaniana na mwanamke, kisha akamletea Bwana nusu ya maneno, atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na cheo kinavuliwa. Ameondoka bila kuniaga.

Bwana anaondoka tarehe thelathini. Pia nimesikia anataka mahabusi arudishwe kabla ya hapo, jibu lako liwepo lisiwepo.

Athuman


Mlimani, Bungu,
26 Juni 1911

Athuman,

Hii ni fupi, tarishi amesimama mlangoni.

Askari wawili wamekuja na mnyororo. Nimewaambia Zamda ana homa kali ya kuambukiza na wasimkaribie. Mungu anisamehe, homa ninayo mimi. Wamekaa chini kwenye kibanda cha mlinzi wanangoja. Siwezi kuwadanganya zaidi ya kesho kutwa.

Sasa nimeelewa kitambaa. Hajifichi. Aliutamka msiba kwa mzaha, na alasiri msiba ukaja. Tena, nafikiri, kwa mtu aliyekuwa akimpiga kila siku huenda mzaha haukuwa mzaha mtupu moyoni, na hilo ndilo linalomla. Anaamini mdomo wake ndio uliomuua Abdi. Ukimwuliza mpaka mwisho wa dunia atakwambia ameua, na atakuwa anasema kweli yake.

Majibu yangu kwa Bwana haya hapa, mpelekee: Zamda ana akili zake zote. Hajui jeraha lilipo wala silaha. Mtu mwenye akili zake hawezi kusahau alipompiga mumewe. Anachokiri hakukitenda.

Najua hayatatosha bila Mbaruku. Usimtishe, vitisho anavyo vya kutosha. Mwambie tu kwamba mtani wake amejifunga mdomo kwa kitambaa, na kwamba amesema hana tena wa kumzika. Mwambie hivyo tu, kisha umwache.

D.


Handeni,
1 Julai 1911

Mama yangu, shikamoo.

Nilimwambia kama ulivyoagiza. Alikuwa anasugua bunduki. Akaendelea kusugua. Nikarudi mezani kwangu nikiwa sina tumaini, nikaona aibu hata kukuandikia.

Juzi Bwana alifungua baraza la mwisho kabla ya safari. Nikasoma majibu yako. Akasema, "Mwuguzi ana huruma. Lakini mwanamke alijua kabla ya watu." Akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Hapo Mbaruku akatoka mstarini, akavua tarbushi yake, akaiweka chini mbele ya meza.

Akasema: "Bwana, nilileta nusu. Nilifika mlangoni nikamwambia, we mchawi, mumeo yuko wapi? Akasema, nimemuua, nimemzika uvunguni, ingia, pamebaki nafasi ya Mnyamwezi mmoja mwembamba. Nikacheka. Nikaomba maji, akanipa, nikanywa. Nyumba sikuipekua. Maiti ilipookotwa mkubwa wangu effendi akaniuliza mke alisema nini, nikaogopa kusema nilikuwa nikicheka."

Bwana hakuelewa kabisa. Akaniuliza kama mtu mzima anaweza kufanya mzaha wa namna hiyo na askari wa serikali. Nikaona maneno yangu hayatafika popote, nikaomba ruhusa, nikatoka nje. Kulikuwa na mpagazi wa Kinyamwezi ameketi kwenye mzigo wake, ndiyo kwanza amefika kutoka bara. Nikamwambia: mle ndani kuna jumbe wa Kizigua. Basi, sikuongeza neno.

Aliingia, Mama, akamwendea jumbe wetu ambaye watu humwinamia, akamvua kofia, akaivaa mwenyewe. "Maiti hii imeketi," akasema. "Nani kaifukua?" Jumbe hakupepesa macho: "Nilikuwa nakungoja wewe uingie shimoni kwanza, nikukanyage." Baraza likapasuka kwa kicheko. Bwana alikuwa ameshasimama, mkono kwenye mkanda. Akauliza, "Hawa wanajuana?" Nikamwambia hawajaonana tangu wazaliwe. Akaketi. Akatutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua amekuwa akiishi nyumba ya wengine.

Kisha Tatu, anayeuza pombe njia ya kijitoni, aliyekuja barazani kusikiliza, akalia pale pale na kutoa aliyoyaficha. Abdi alikuwa kwake jioni ile na kibarua mwenzake, wakivuta bangi aliyowauzia yeye. Walishikana juu ya kiko, wakatoka nje wakipigana, mwenzake akarudi peke yake, akachukua shuka lake, akakimbilia milima ya Unguu. Tatu alinyamaza kwa kuogopa habari ya bangi. Sasa amefungwa kwa hiyo bangi, na askari wamekwenda Unguu.

Zamda yuko huru. Mimi nimekaripiwa mbele ya watu wote, na nimestahili. Mbaruku amelazwa chini jana asubuhi, ishirini na tano, na cheo kimevuliwa. Alipoinuka aliomba kitu kimoja, aipeleke yeye karatasi ya kumwachilia. Nilimwambia apumzike kwanza. Ameshaondoka, kwa miguu.

Mwanao,
Athuman


Mlimani, Bungu,
7 Julai 1911

Mwanangu Athuman, marahaba.

Barua yako ilimtangulia Mbaruku, nami nikamsomea Zamda yote: jiwe, ugomvi, yule aliyekimbia, mpagazi na kofia ya jumbe. Nilidhani atalia, au ataruka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kichwa, akaenda kufagia. Kitambaa kikabaki pale pale. Nilikasirika, nakwambia kweli. Tumehangaika hivi, mtu amechanwa mgongo, na yeye bado anajihukumu! Kisha hasira ikaniisha. Boma limemwachilia kwa karatasi, na kitambaa kile hakikufungwa na boma.

Jana Mbaruku akafika. Alikuwa anatembea kama anayebeba mtungi uliojaa, hataki kuinama. Askari wawili wale, waliokuwa bado kibandani kwa kuogopa ile homa, walimwona wakageuza nyuso. Alisimama mlangoni mwa jiko, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya juu: "Nasikia humu mna maiti ya Kizigua. Nimekuja na jembe."

Nilitaka kumfukuza. Zamda aliinua macho kutoka kwenye maharage. Akamtazama. Akayainamia tena maharage, akachambua mpaka nikamwona yule mtu anaanza kupungua, akaweka karatasi ya Bwana juu ya kinu, akageuka aondoke. Alipogeuka tukaona shati. Lilikuwa limegandana na mgongo, damu ya zamani na damu mpya.

Nikachukua maji ya vuguvugu na chumvi. Zamda alinipokonya bakuli. Akamsukuma Mbaruku akaketi kigodani, akaanza kulibandua shati kidogo kidogo, na yule mwanamume akapiga kelele za aibu. Alihitaji kitu cha kumfutia. Aliangaza huku na huku jikoni. Mimi nilikuwa na kanga begani na sikumpa, sijui kwa nini sikumpa. Basi akapeleka mkono kisogoni, akafungua fundo, akakichovya kitambaa chake majini, akaanza kumfuta.

"Tulia, we mbwa," alimwambia. "Ukifa wewe, nani atanizika mimi?"

Mbaruku alicheka, na kilio kikachanganyika humo humo. Mimi nilitoka uani.

Atarudi Chanika Jumatatu, na Mbaruku atamsindikiza mpaka kivukoni Korogwe. Majirani zake waambie wasimwulize chochote, na safari hii wakisikia kilio nyuma ya ukuta wa mtu, waende. Kitambaa nimekifua, kiko kambani kinakauka, hajakiulizia.

Mama yako,
Dorkasi